Ndani ya Gego la Utotoni: Shajara ya Mradi wa Picha za Vipimo Vitatu, Kigoma

Januari, wiki ya mwisho

Kibali cha maadili kimetoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na masharti yake yote nayaunga mkono. Hakuna mtoto atakayepigwa eksirei kwa ajili ya mradi huu. Hakuna jino litakalong'olewa kwa kuwa sisi tunalitaka. Tunapokea jino ambalo lilishaamuliwa kung'olewa kwa sababu ya ugonjwa, au lililotoka lenyewe, basi. Mzazi anasaini ridhaa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa anaulizwa naye. Akikataa, jino ni lake na anaondoka nalo.

Niiandike shabaha mapema isije ikatupotea njiani. Tunataka kuona mifereji ya mizizi ya magego ya utotoni ya watoto wa hapa Kigoma ilivyo hasa: ni mingapi, inapinda wapi, inaungana wapi, na mzizi unakuwa umeliwa kiasi gani siku mtoto anapofikishwa kwetu. Tutatumia picha za vipimo vitatu kwa sababu filamu ndogo ya mdomoni inalaza kila kitu juu ya kingine, na gego la mtoto lina mambo mengi yanayojificha nyuma ya mengine.

Kwa nini magego? Kwa sababu ndiyo yanayong'olewa. Mzazi akifika na mtoto wa miaka mitano aliyelia usiku kucha, neno lake la kwanza ni kwamba hilo ni jino la maziwa, ling'oke, litaota jingine. Kuota litaota. Lakini gego la pili la utotoni, lile tunaloandika 75 au 85 kwa taya la chini, lina kazi mdomoni mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Likitoka mapema, gego la kudumu linaloota nyuma yake mtoto akiwa na miaka sita husogea mbele na kukalia nafasi isiyo yake. Jino la kudumu lililokuwa likingoja chini linakuja kukuta njia imezibwa. Linatokea pembeni au linakwama mfupani. Watoto hao hurudi kwetu wakubwa, meno yamepandana, na kwa vifaa tulivyo navyo hatuna la maana la kuwafanyia.

Kuliokoa gego ambalo kiini chake, yaani nyama laini iliyo ndani ya jino, kimeoza maana yake ni kusafisha mifereji yake. Mfereji usioujua ulipo huwezi kuusafisha. Mradi mzima umesimama juu ya hilo.

Februari

Ukusanyaji umeanza. Jino likitoka linaoshwa damu kwa maji yanayotiririka, nyama laini zinaondolewa taratibu bila kukwaruza mzizi, kisha linaingia kwenye kichupa chenye maji ya thimoli ya asilimia 0.1. Thimoli inazuia vijidudu kuzaana bila kula madini ya jino. Lebo ina namba ya jino, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, na sababu ya kung'olewa. Jina la mtoto halimo. Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeshika vichupa hivi ni kwamba jino lisikauke hata kwa nusu saa. Dentini, tabaka gumu lililo chini ya enameli, ikikauka hupasuka, na ufa mwembamba kwenye picha unafanana mno na mfereji.

Meno yaliyotoka yenyewe, ambayo wazazi wanatupa kwa moyo mkunjufu, hayana mizizi. Mwili wa mtoto umeiyeyusha kidogo kidogo ili kupisha jino la kudumu, na kilichobaki ni kichwa cha jino chenye kingo zilizoliwa chini. Hayo tumeyatengea kundi lake. Yatatufaa kwa kupima unene wa enameli, gamba gumu la nje la jino. Mizizi kamili inapatikana kwa watoto wadogo, waliokuja na uvimbe na homa, na hao ndio ambao kuliko wote nisingependa kuwang'oa. Kila kichupa chenye mizizi mirefu kina nyuma yake mtoto aliyepoteza jino miaka mingi kabla ya wakati wake, na sitaki mtu yeyote katika timu alizoee hilo.

Bibi mmoja wa Ujiji alimleta mjukuu wake. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya mradi, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Marahaba, mwanangu. Sasa hilo jino mnalipeleka Dar, halafu?"

"Linapigwa picha, bibi. Halikatwi, halisagwi. Tunaangalia ndani yake."

"Na likishapigwa picha?"

"Linabaki kwetu, kwenye kichupa."

"Hapana. Lirudi. Mtoto alirushe juu ya bati, kama wenzake."

Alikuwa na haki kabisa. Nimeongeza mstari kwenye fomu ya ridhaa: mzazi anachagua jino libaki kwenye mradi au lirudishwe baada ya picha. Tangu mstari huo uingie, wazazi wanaokubali wameongezeka, na kuna wanaoleta wenyewe meno yaliyotoka nyumbani.

Swali jingine lililojirudia ni kama tunakusanya "meno ya nailoni". Niliandike hapa kwa uwazi kwa sababu ni hatari. Sehemu mbalimbali za nchi yetu wapo wanaoamini kwamba mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, ni kwa sababu ya meno ya nailoni, wengine huyaita ya plastiki, na kwamba lazima yatolewe. Kinachochimbwa kwenye ufizi ni chipukizi la chonge ya utotoni, ambalo bado halijakomaa. Chombo ni spoki ya baiskeli, kisu au kucha. Mtoto ambaye tatizo lake lilikuwa kuhara na kupungukiwa maji anaongezewa kidonda, damu inayomwagika na vijidudu, na wapo wanaokufa. Anayepona anaweza kukosa chonge ya utotoni na hata ya kudumu ikaota na kasoro. Tumeandika maelezo mafupi ya jambo hili nyuma ya fomu, na muuguzi anayasoma kwa sauti kwa mama yeyote mwenye mtoto mgongoni.

Machi

Kabla vichupa havijaondoka, nilipiga kila gego kwa filamu ya kawaida hapa hapa kwetu, kwa pande mbili. Kwanza kutokea upande wa shavu, kama tunavyompiga mtoto. Kisha kutokea upande wa mbele, ambako mdomoni haiwezekani kwa kuwa jino la jirani limekaa hapo hapo.

Picha ya kwanza ya gego la pili la chini inaonyesha mizizi miwili safi na mstari mmoja mweusi ndani ya kila mzizi. Ya pili, ya jino lile lile, inaonyesha mzizi wa mbele ukiwa na upana unaokaribia ule wa kichwa cha jino, na ndani yake mistari miwili inayosogeleana na kuachana. Kwa miaka yote tunayofanya kazi hii tunaamua matibabu kwa picha ile ya kwanza.

Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1925 Hess na Zürcher wa Uswisi walichapisha kazi kubwa juu ya mifereji ya meno, Hess akishughulikia meno ya kudumu na Zürcher meno ya utotoni pamoja na magego ya kwanza ya kudumu. Mpira laini ulisukumwa ndani ya mifereji, ukagandishwa, kisha jino lenyewe likayeyushwa mpaka ukabaki mpira peke yake wenye umbo la ndani ya jino. Ni kazi inayostaajabisha hata leo, ila jino lilikuwa linakwisha. Njia ya baadaye, ya kulitoa jino madini kwa asidi na kuling'arisha mpaka lionekane kama kioo likiwa limetiwa wino, nayo hailiachi jino kama lilivyokuwa. Kwa bibi yule wa Ujiji njia zote mbili zingekuwa zimeshindwa mlangoni.

Kilichobadilisha mambo ni kompyuta. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya CT, yaani ya eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, alipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambaye mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1982 Elliott na Dover wakaonyesha kwamba jambo lile lile linawezekana kwa kitu kidogo sana, kwa undani wa maikroni kumi na kitu, maikroni ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Elliott alikuwa mtaalamu wa madini ya meno, lakini kitu walichokipiga kilikuwa gamba la konokono wa jamii ya Biomphalaria. Hao ndio konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao vijiji vya kandokando ya ziwa letu vinaujua vizuri. Nilipolisoma hilo nilifurahi kupita kiasi.

Mashine tunayoitumia kwa hatua ya kwanza iko Dar es Salaam, nayo ni ya CBCT, aina iliyotengenezwa mahususi kwa taya na meno. Miale inatoka kwa umbo la koni, bamba la kuipokea liko upande wa pili, na viwili hivyo vinazunguka pamoja mzunguko mmoja huku vikichukua mamia ya picha. Kompyuta inazirudisha nyuma picha hizo zote, kwa hesabu ambayo Feldkamp, Davis na Kress waliichapisha mwaka 1984, na kupata mchemraba uliojaa vijichemraba vidogo, yaani vokseli, kila kimoja kikiwa na rangi yake ya kijivu kulingana na jinsi kilivyozuia miale. Ukiwa na mchemraba huo unaweza kulikata jino popote, kwa pembe yoyote, na jino lenyewe liko salama kwenye kichupa.

Mzazi mmoja aliuliza kwa nini tusimpige mwanawe moja kwa moja. Jibu langu halitabadilika. Dozi ya CBCT ni kubwa kuliko ya filamu ndogo, na mwili wa mtoto unaokua unadhurika na mionzi kwa urahisi kuliko wa mtu mzima. Mtoto anapigwa picha hiyo pale tu matibabu yake yenyewe yanapoidai. Sisi tunataka kujifunza, kwa hiyo tunapiga meno yaliyokwisha kutoka.

Aprili

Picha za kundi la kwanza zimefika. Hazikuja kwa intaneti. Mwenzetu aliyekuwa akirudi kutoka Dar alizibeba kwenye diski, na ilikuwa haraka kuliko kungoja zipakuliwe kwa mtandao wa hapa. Tunazifungua kwa 3D Slicer, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipata.

Nitaeleza jino moja tu kwa kirefu, gego la pili la chini kulia, namba 85, la mtoto wa miaka mitano na miezi kadhaa. Kwa nje lina tundu la kawaida upande wa mbele, pale linapogusana na gego la kwanza. Magego ya utotoni hugusana kwa uso mpana na bapa, si kwa nukta kama meno ya mbele, ndiyo maana chakula kinakaa hapo na ubovu unaanza bila mama kuuona.

Nikishuka kipande kwa kipande kutoka juu, kitu cha kwanza ninachokutana nacho ni wembamba wa enameli. Ni kama milimita moja, takriban nusu ya ile ya gego la kudumu. Chini yake dentini nayo ni nyembamba, na mara moja inatokea pembe ya kiini, ile ya upande wa mbele karibu na shavu, imepanda juu sana chini ya ncha ya gego. Tundu limeifikia. Kwa macho tundu lilionekana dogo. Ndani safari yake ilikuwa fupi tangu mwanzo.

Nikiendelea kushuka naingia chumba cha kiini, ambacho ukilinganisha na ukubwa wa jino lenyewe ni kikubwa kuliko cha mtu mzima, kisha sakafu yake. Hapo mizizi inaachana ghafla. Gego la utotoni karibu halina shina: mizizi inaanza kutawanyika pale pale chini ya kichwa, inapanuka kwenda nje, kisha ncha zinarudi ndani, kama vidole vilivyoshika yai. Yai ni chipukizi la jino la kudumu.

Mzizi wa mbele ndio ulionikalisha usiku. Kwa juu mfereji wake ni mmoja, bapa, umenyooka kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi. Katikati ya mzizi unagawanyika kuwa miwili, lakini hauachani kabisa: kuna upenyo mwembamba kupita kiasi unaoiunganisha mifereji hiyo miwili kwa kipande kirefu. Karibu na mwisho inaungana tena. Sindano ya kusafishia, ambayo ni ya mviringo, inapita upande wa shavu na upande wa ulimi. Kwenye ule upenyo wa kati haifiki kamwe, hata mkono ungekuwa wa nani. Kinachoweza kufika huko ni maji ya dawa, hipokloriti ya sodiamu iliyozimuliwa, ikipewa muda na kubadilishwa mara kwa mara. Nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mazoezi kwamba kuosha ni msaada wa sindano. Kwa gego la mtoto naona kuosha ndiyo kazi yenyewe, na sindano inafungua njia tu.

Mwisho wa mzizi nao una habari. Upande wa ndani, unaotazama panda ya mizizi, umeliwa kwa mshazari. Ncha ya mzizi bado ipo, na kwenye filamu mzizi unaonekana mzima, ila mfereji hautokei tena kwenye ncha. Unatokea juu zaidi, ubavuni, pale seli za mwili zilipoanza kula. Daktari akipima urefu kwa kufuata ncha anayoiona kwenye filamu, sindano itakuwa imeshatoka nje ya mzizi kabla hajafika, na ilikotokea ndiko liliko chipukizi la jino la kudumu.

Mei

Mwezi wa kutenga picha, yaani kuonyesha kwenye picha wapi ni enameli, wapi ni dentini na wapi ni mfereji. Ni kazi ya macho na subira, hakuna la kusimulia sana.

Kompyuta haijui jino ni nini. Inajua rangi za kijivu tu. Enameli ina madini karibu asilimia 96 kwa uzito na dentini takriban 70, kwa hiyo mpaka kati yake unaonekana vizuri. Mpaka kati ya dentini na mfereji nao unaonekana, mradi mfereji uwe mpana. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko vokseli, kijichemraba kimoja kinabeba nusu dentini na nusu maji, kinatoka na kijivu cha katikati, na mfereji unapotea kwenye picha ingawa kwenye jino upo. Kwa vokseli ya milimita 0.2 tulikuwa tunapoteza sehemu za chini za mifereji mingi. Kwa uwanja mdogo wa picha na vokseli ya milimita 0.075 nyingi zilirudi.

Kizingiti cha kwanza, yaani kiwango cha kijivu kinachotenga kitu na kingine, tunakiacha programu ikichague kwa njia ya Otsu, ya mwaka 1979, kisha mimi na mtaalamu wa mionzi tunapita kila mmoja peke yake, kipande kwa kipande, bila kuonyeshana. Tunapotofautiana tunakaa pamoja na jino lenyewe mezani. Meno yenye vijazio vya amalgamu tumeyatoa, kwa sababu metali hutoa mistari mieupe inayofuta kila kitu kilicho jirani.

Umeme ukikatika katikati ya kuchora, kazi ya saa mbili inaweza kwenda. Sasa programu inahifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache.

Juni

Makubaliano ya kusafirisha sampuli nje ya nchi yalichukua muda, na ni sawa yachukue muda: ni sehemu za miili ya watoto wetu. Meno machache tuliyoyateua yalikwenda kwenye maabara ya chuo kikuu chenye mashine ya maikro-CT. Humo jino ndilo linalozunguka na mashine inatulia, na vokseli ni za maikroni kumi na kitu. Jino moja linatoa vipande zaidi ya elfu.

Nilichokitafuta kwanza ni sakafu ya chumba cha kiini. Kila tabibu wa meno anajua kwamba mtoto mwenye gego lililooza, usaha wake hutokea kwenye ufizi karibu na shingo ya jino, na kwenye filamu mfupa unaonekana umeliwa pale kwenye panda ya mizizi. Kwa mtu mzima tunategemea ugonjwa uonekane kwenye ncha ya mzizi. Sababu tuliisoma: mifereji midogo ya ziada inayotoboa sakafu. Sasa nimeiona. Kwenye jino moja kuna kitundu katikati ya sakafu, chembamba sana, kinashuka kikipinda hadi kinatokea juu ya panda. Kwenye jingine sakafu ni nyembamba na imejaa vishimo, viwili kati yake vimepenya. CBCT ya jino hilo hilo inaonyesha sakafu imara isiyo na kitu.

Hii ina maana kubwa kwa kliniki isiyo na kifaa cha kisasa hata kimoja. Ukisafisha mifereji yote na kuijaza, halafu sakafu ukaiacha na uchafu au ukaifunika na kitu kinachovuja, ugonjwa una njia yake ya mkato na haupiti kwenye mizizi kabisa. Sakafu isafishwe, ifunikwe vizuri, na jino lifungwe juu lisivuje. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mashine.

Magego ya juu yana mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Katika baadhi ya meno yetu mzizi wa nyuma wa shavu umeungana na wa kaakaa, vinaunda ubao mmoja mpana uliopinda, na mifereji yao imeunganishwa ndani. Kwenye filamu hilo halionekani hata ukijua unachokitafuta. Sina bado meno ya juu ya kutosha kusema ni jambo la mara ngapi kwa watoto wa hapa, kwa hiyo naandika kwamba lipo.

Julai

Tumechapisha gego namba 85 kwa plastiki, limekuzwa mara kumi na limekatwa vipande viwili vinavyofunguka, mfereji ukiwa na rangi nyekundu. Matabibu wa meno kutoka Kasulu, Kibondo na Uvinza walikuja kwa mafunzo, na gego hilo lilizunguka mkono kwa mkono kuanzia asubuhi. Tabibu mmoja mwenye miaka mingi kazini aliingiza kidole kwenye pembe ya mbele ya kiini, akakitoa, akakirudisha, kisha akasema: "Kumbe hapa ndipo watoto wanaporuka kwenye kiti."

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko mhadhara wangu, na yalihusu ART. Njia hiyo ya kuondoa ubovu kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma, aina ya saruji ya meno, bila umeme wala bomba la maji, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inafundishwa duniani kote. Kwa vituo vya Uvinza na Kibondo ndiyo njia kuu. Swali lao lilikuwa la kikazi hasa: kijiko cha kukwangulia kinapoelekea upande wa mbele karibu na shavu, kisimame wapi? Tulifungua vipande vya meno manne kwenye skrini tukapima pamoja unene wa dentini uliobaki juu ya pembe. Tulikubaliana kwamba upande huo ubovu laini wa juu ya kiini unaweza kuachwa kidogo mahali pake na kuzibwa vizuri, ila kingo za tundu zisafishwe mpaka ziwe ngumu kabisa, kwa kuwa kijazio kinashika kingoni. Baadhi yao walikuwa wakifanya hivyo tayari kwa uzoefu. Sasa wana picha ya kuwaonyesha wanafunzi wao.

Tulichobadilisha kwenye kliniki yetu mpaka sasa ni hiki. Filamu ikionyesha dalili yoyote ya mzizi kuliwa, sindano inasimama milimita 2 hadi 3 kabla ya ncha. Mizizi ikiwa imeliwa zaidi ya theluthi moja hatujaribu matibabu ya mizizi, tunamwambia mzazi ukweli na kung'oa, na tunazungumzia namna ya kuitunza nafasi. Kuosha mifereji kumeongezewa muda. Kijazio cha ndani kinabaki kile ambacho mwili unaweza kukiyeyusha pamoja na mzizi, kwa sababu kitu kigumu kisichoyeyuka kingeachwa njiani mwa jino la kudumu.

Kazi iliyo mbele: magego ya juu, ambayo ni machache kwenye rafu kwa sababu hapa kwetu ya chini ndiyo yanayoharibika zaidi. Nimewaomba wenzangu wa wilayani watuwekee yanayopatikana, kwa ridhaa ile ile na thimoli ile ile. Meno yaliyoombwa na wazazi yanarudishwa wiki hii kwenye vikopo vyenye namba, muuguzi wa zamu ya asubuhi ana orodha. Kundi jipya la vichupa linaondoka Jumatatu kwa ndege ya mchana, na mafaili ya 85 ya kuchapishia plastiki tutayatoa bure kwa chuo chochote cha afya kinachofundisha matabibu wa meno, kikituandikia.